Bampa Zilizokaa Kabatini

Duka la vipuri,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wetu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, maana najua ungeanza nayo. Habari za siku nyingi? Kile kifua kimepona? Na hiyo baridi ya huko mnaiweza? Sisi huku tu wazima, ila mgongo wangu haunipi raha kwa kusimama kaunta kutwa nzima. Bibi yako hajambo, anakula vizuri na anagombana vizuri zaidi.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama zile bampa za kukinga injini ulizomtumia dada yangu, mama yako, zinamfaa kwenye pikipiki, au ni mapambo tu kama baba yako anavyodai. Mwanangu, zimefaa sana. Zimependezesha kabati la vyombo sebuleni, katikati ya bilauri na birika la wageni.

Usicheke. Siku zilipofika baba yako alizitoa kwenye boksi, akaona zinavyong'aa, akasema zikifungwa kwenye pikipiki zitakwaruzika. Zitakwaruzika! Bampa! Nikamwambia, shemeji, hicho chuma kazi yake ndiyo hiyo, kikwaruzike chenyewe injini na mguu vipone. Akanijibu kwamba mimi ni muuza vipuri tu, sijui kutunza kitu cha thamani. Mimi, niliyesimama kwenye kaunta hii tangu wewe hujaota meno! Basi zikaingia kabatini. Kila mgeni akija anatolewa bampa azishike. Anaambiwa, "Mwanangu ndiye kaleta," na mgeni wa watu, ambaye hata baiskeli hana, anatikisa kichwa kwa heshima.

Hapa dukani tunamwita Meneja, kwa sababu anasimamia vitu asivyovitumia. Ile pikipiki hajawahi hata kuiwasha, lakini usikie anavyosema "pikipiki yetu". Anayeipanda ni mama yako, mvua na jua, mkoba wake wa ukunga umefungwa nyuma, anakwenda kuzalisha wake za watu. Najua ni baba yako na inakuuma nikimsema. Hata mimi ingeniuma. Lakini upuuzi ukifanyika mbele ya macho yangu siwezi kuuita busara.

Sasa nikueleze ambalo kwenye simu hukuelezwa. Uliambiwa mama yako ameteleza bafuni, sivyo? Uongo mtupu. Bampa zikiwa kabatini, alifika getini kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, akasimamisha pikipiki, akatua mguu kwenye kokoto, kokoto zikateleza. Hakuwa kwenye mwendo hata kidogo. Pikipiki ikamlalia mguu wa kulia, injini ya moto juu ya muundi, mpaka mume wa yule mama alipotoka mbio akainyanyua. Ngozi ilibanduka, kifundo kikateguka, kifuniko cha klachi kikapasuka na oili yote ikamwagika. Dada yangu akaingia ndani anachechemea, akakaa kwenye kigoda, akazalisha hivyo hivyo. Mtoto ni wa kike, mzima kabisa.

Na unajua Meneja alipopata habari aliuliza nini? Aliuliza kama rangi ya tangi imechubuka. Wallahi nilitaka kumrushia spana.

Na wala hayuko peke yake. Wajuaji wa aina yake wananijia hapa dukani kila siku, wanaegemea kaunta yangu bila kununua hata nati, wananihubiria kwamba ukigonga lori bampa haitakuokoa. Ni kweli, haitakuokoa. Kwani nani kasema itakuokoa? Lakini watu wengi hawaanguki kwa kugonga lori. Wanaanguka getini, kwenye tope, wakigeuza kwenye kichochoro, na hapo ndipo kile chuma kinapotangulia kugusa ardhi na kumwachia mguu nafasi. Hakuna muujiza mwingine. Wewe ukinunua pikipiki huko, zifunge siku hiyo hiyo.

Jana mama yako alifunguliwa bendeji. Akanipigia simu, akaniambia njoo na spana. Nikaenda, nikazitoa bampa kabatini, nikazifunga uani. Baba yako kasimama mlangoni, analalama utadhani anaibiwa: "Taratibu shemeji, taratibu, utazikwaruza!" Nilipokaza nati ya mwisho mama yako akaingia ndani, akatoka na kiatu cha baba yako cha kutokea, kile cheusi kilichopigwa rangi kikang'aa. Akakiweka chini upande wa kulia, pale pale mguu wake ulipokuwa, kisha akaisukuma pikipiki.

Loo! Baba yako alipiga yowe majirani wakatoka nje. Pikipiki ikaanguka, ikalalia bampa. Mama yako akainama, akakivuta kiatu, kizima, kina vumbi tu, akamkabidhi mwenyewe.

"Hicho ni kiatu," akamwambia. "Mimi nilikuwa na mguu."

Baba yako akakipokea, akaanza kukifuta vumbi kwa mkono wa shati.

Bampa ya kulia ina mkwaruzo mrefu ambao hautoki kwa dawa yoyote. Najua atakupigia simu akuombe nyingine, atasema zile zimeharibika. Usimletee. Hazijaharibika, ndiyo kwanza zimeanza kazi.

Nisalimie mkeo, mwambie mkwe namkumbuka, na yule binamu yako kinyozi mwambie aandike asijifanye bubu. Bibi yako anakuombea kila asubuhi. Mola akulinde uendako na urudiko, na akulete kwetu una miguu yako yote miwili.

Ni mimi nikupendaye, hata ukichelewa kujibu,
Mama yako mdogo.