Mguu Ulio Ukutani

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo limejaa vumbi la matofali. Wewe je? Usiniandikie kwamba unaendelea vizuri, maana kaka ameshanieleza yote. Kidonda hakisikii dawa, daktari anataka kuukata mguu, nawe umemwambia aanze na wake. Mama, huo si utani wa kumfanyia daktari. Sukari haimsubiri mtu amalize kununa. Naogopa.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ile hoteli kongwe. Wameniajiri niichore kwenye karatasi, ukuta kwa ukuta, kabla mafundi hawajaipiga plasta. Ni matofali mekundu matupu, matao yamepandiana hadi juu, na asubuhi jua likiingia uani jengo zima huwa kama limeamka lakini bado halijasema neno. Kubali matibabu, mama.

Mwanao, kitindamimba

10 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Huku wazima, hata kaka yako mmbea. Kumbe uko kwenye hoteli ya babu yako. Si kwamba ilikuwa mali yake, tungekula vizuri. Yeye alifyatua matofali ya kuijengea na kuyachoma. Sisi watu wa tanuru hatukuruhusiwa hata kupita getini wakati ule. Siku moja, nikiwa mdogo, nikakanyaga tofali bichi. Nikajua nachapwa. Baba akaliangalia, akacheka, akalichoma hivyo hivyo pamoja na mengine, akaniambia, "Umeshaingia hotelini, mwenzetu." Tangu hapo nikipita nje ya jengo lile najiona nimo ndani, natembea kwenye korido, na hakuna wa kuniuliza nafuata nini.

Sasa sikiliza. Ni mguu huu huu wa kushoto wanaoutaka. Nitafutie ule wa ukutani. Ukiuona, huu nitawaachia. Usipouona, wasinisumbue.

Mama yako

24 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Unalala? Kaka anasema homa imeanza, na mguu unanuka.

Nimelizunguka jengo hili mpaka naliota. Milango inafunguka, ndani yake milango mingine, nawe mdogo umenitangulia. Sikuoni, nasikia tu miguu yako ikipiga sakafu. Na leo nimeuona. Uko ghorofa ya juu, kando ya dirisha lenye tao, upande wa mawio. Unyayo mdogo wa kushoto, vidole vyote vitano, kisigino kimezama kidogo. Nimeweka kiganja juu yake, na tofali lilikuwa na joto la jua. Nimelia, mama. Mafundi wameahidi hawatauziba.

Basi timiza ahadi. Nenda kesho, usingoje barua nyingine.

Mwanao

19 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo futa machozi. Wameshakata. Waliponilaza kwa dawa yao nikajikuta humo hotelini, korido ndefu nyekundu isiyo na mwisho, mguu mmoja mkubwa na mwingine wa mtoto, nachechemea huku nacheka peke yangu. Nilipoamka nilisikitika kutoka.

Sasa tuongee. Hukuuona. Siku ile nilikuwa namkimbiza kuku, naye alilikanyaga tofali kabla yangu. Nyayo zake zimo pale pale, kando ya kidole gumba changu. Aliyeuona kweli angeanza kunisimulia kuku. Niliisoma barua yako, nikajua hapo hapo, nikaikunja nikaiweka chini ya mto. Kisha nikamwambia kaka yako atafute gari. Wewe tangu utoto hujui kudanganya, ukijaribu masikio yanakucheza, leo umekaa ukanitungia hadi kisigino. Nikasema, kama huyu ananitaka hai kiasi hiki, mimi nani nimkatalie?

Waambie mafundi waende polepole. Nikizoea magongo nitakuja, na safari hii nitapita getini. Wewe endelea kutafuta. Tafuta kuku.

Mama yako