Lori Lako na Vibanio vya Mama

Baba,

Nimechoka. Najua ungetaka nianze na habari za lori, lakini niache nianze hapo. Mgongo unaniuma, kucha zimekuwa nyeusi mpaka sabuni imekata tamaa, na wateja wameanza kuniuliza kama siku hizi pale dukani ninauza mbegu au ninauza grisi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, ndani ya lori, mlango wazi kwa sababu harufu ya kuku haijaisha vizuri. Kesho watu wa jumuiya wanakuja kukuombea. Wale wa hapa ambao hawakuweza kufika mazishini kule kwetu upande wa ziwa walisema mwaka hauwezi kuisha kabla hawajakuimbia, na Mama akakubali. Viti vya kanisa vimeshaletwa, viko barazani vinangoja kupangwa.

Mengi yamebadilika. Jirani amejenga ghorofa, kwa hiyo jua la asubuhi siku hizi linatufikia likiwa limechelewa. Sajini, mbwa wako, hataki tena kulala kwenye kibanda chake, analala chini ya lori na kuamka na doa la oili kichwani. Mama amehamia kile chumba kidogo karibu na jikoni. Anasema kitanda chenu ni kipana mno. Mimi bado niko dukani, nasimama mchana kutwa nikiwapimia watu wa Moiben mbegu za mahindi na dawa ya kuogeshea ng'ombe, na bado wanauliza yule mzee wa lori la kijani alienda wapi. Mwanzo nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema tu ulipumzika.

Lori nalo uliliacha vibaya, Baba, tuseme ukweli. Tangu presha ilipokulaza halikuguswa. Kuku waliingia kupitia dirisha lile lisilofungika, wakataga kwenye kiti cha Mama. Panya walikula kiti chako. Mbao za bodi kule nyuma zilioza kwa mvua, magurudumu yakazama kwenye udongo, na breki zikashikana kabisa. Nilikuwa nikitoka kazini naliona pale, pua yake imeelekea geti, na nasema moyoni, Jumamosi nitaanza. Jumamosi ikifika nafua nguo.

Kisha Mama akasema litoke. Hakupandisha sauti. Tulikuwa tunachambua maharagwe, akasema, "Achieng, hii lori itoke hapa kabla ya maombi." Siku chache baadaye wakaja watu wa vyuma vikuukuu. Mmoja wao alizunguka akiligonga gonga kwa vidole jinsi mtu anavyopima tikiti maji sokoni, kisha akamwambia Mama kwamba wao huja na gesi, wanakata vipande, na jioni hutajua kama kulikuwa na kitu. Maneno yale yaliniingia vibaya. Nilisimama mbele ya lori kama mtu aliyetukanwa, na nikamwomba Mama aniachie nilitengeneze.

Akasema basi, kama litaweza kwenda msitu wa Kaptagat na kurudi na kuni za kupikia wageni wa maombi, likae. Likishindwa, wakate. Aliniambia hivyo akijua vizuri nani aliyekuwa akileta kuni za kila harusi na kila matanga mtaani kwetu.

Labda unajiuliza kwa nini nilijisumbua. Sikukulilia, Baba. Siku ya mazishi nilikuwa nahesabia watu sahani, nikitafuta chumvi, nikielekeza magari. Watu wakanisifu kuwa nina nguvu. Jioni ile nilipolala chali chini ya lori lako kulikagua, matone ya oili yakiniangukia shingoni, ndipo nilipolia, na Sajini akaja akalala karibu yangu. Sikuwa na mahali pengine pa kukulilia. Wangelikata, ningeenda kulilia wapi?

Kwa hiyo nikaanza. Fundi Kirwa, yule uliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha mbao kabla hakijafungwa, alikubali kuja Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Nywele zake zimekuwa nyeupe sasa, na magoti yanamsumbua, kwa hiyo yeye hukaa kwenye debe na kuniambia nifanye nini. Yeye ni mtu wa dizeli. Injini ya petroli kwenye lori kubwa anaitazama kama mtu aliyepewa chakula cha kigeni. Lakini tulivumiliana. Tulifungua breki zote, tukabadilisha raba zake. Tulitoa mbao zilizooza, tukaweka mpya za saiprasi. Nilishona kiti chako mwenyewe, kimepinda upande mmoja, usicheke. Taa zikawaka. Honi ililia siku ya kwanza tu tulipounganisha betri, hiyo haikutaka kutengenezwa.

Kila niliposhika spana nilikusikia. "Sikiza kwanza, mkono baadaye." Nilipokuwa mdogo ukinipa tochi nikushikie, mimi nikimulika nondo ukutani, ulikuwa husemi kitu, unangoja tu gizani mpaka nione aibu. Sasa hakuna wa kunishikia tochi. Naishika kwa meno.

Siku ya kuosha injini ndipo nilipofanya kosa, na sikujua ni kosa. Nilikuta vibanio vya nguo vya mbao vimebana paipu ya petroli kuanzia kwenye pampu mpaka kwenye kabureta, vimepangana kama shomoro kwenye waya wa stima, vyeusi kwa mafuta. Na kwenye pampu kitambaa cha leso ya zamani kimefungwa mafundo. Nilicheka peke yangu. Nilikumbuka Mama alivyokuwa akilalamika kuwa vibanio vyake vinapotea, na wewe ukitazama pembeni. Nikadhani ni zile tabia zako za kutundika vitu popote. Nikavitoa vyote, nikavisugua kwa sabuni, nikavirudisha kwenye kamba ya nguo. Kitambaa nikakitupa. Mama aliviona jioni ile alipoanua nguo. Alisimama pale kwenye kamba kidogo, kisha akaingia ndani.

Lori likawaka, Baba. Likaenda mjini, likapita ukaguzi. Mkaguzi alilala chini, akabonyeza hiki na kile, akaniambia niwashe taa, nipige honi, nikanyage breki, kisha akasema hakujua kama malori ya aina hii bado yako barabarani. Nilirudi na kibandiko kwenye kioo, naendesha nikitabasamu peke yangu. Nilijua kazi imeisha.

Haikuwa imeisha. Kwenye tambarare lilienda vizuri kama zamani. Lakini nilipolielekeza Kaptagat pamoja na Fundi Kirwa, tulipoanza kupanda mlima baada ya kituo cha Plateau likakohoa, likakohoa tena, likazima. Nikawasha, likakataa. Nikakaa. Baada ya kupoa likawaka lenyewe bila kinyongo, likaenda kidogo, likazima tena. Tuliligeuza, tukarudi. Fundi Kirwa akasema ni kabureta. Tukafungua kabureta. Likazima palepale. Akasema ni pampu. Tukaweka pampu nyingine. Palepale. Akasema ni uchafu kwenye tangi, tukatoa tangi, tukaliosha, nikanuka petroli mpaka kanisani watu wakasogea. Palepale, Baba, kwenye ule mlima. Asubuhi moja wale wanariadha wa kambi ya mazoezi iliyo juu ya mlima walinipita wakienda, nimefungua boneti. Wakanipita wakirudi, bado nimefungua boneti. Mmoja alinipungia mkono kwa huruma, na mimi nikampungia na spana.

Jumamosi iliyopita lilivutwa nyumbani na trekta. Watu wote wa barabarani walitoka kuangalia. Fundi Kirwa alishuka polepole, akashika mlango wa lori, akaniambia, "Mtoto wa Mzee, sisi tumejaribu. Hii kitu inataka tu kupumzika." Sikumbishia. Nilimwambia awapigie simu wale watu wa gesi, waje kabla ya maombi. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya jikoni bila hata kuvua ovaroli. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, ule uchovu ambao hata kunawa mikono ni kazi.

Mama alitoka na mkebe wa maziwa ya unga. Akauweka magotini pangu. Ndani kulikuwa na vile vibanio. Hakuwa amevitumia hata kimoja, aliviondoa kwenye kamba siku ileile.

"Hizi si za nguo," akasema. "Hizi ni za lori."

Akakaa chini karibu nami, na ndipo aliponieleza. Kwamba paipu ile inapita karibu sana na injini, na lori likipanda mlima petroli inachemka ndani kabla haijafika. Kwamba hapa kwetu juu inachemka upesi zaidi. Kwamba ulijaribu kila kitu mwaka ule ulipolinunua, mpaka dereva mmoja mzee akakuonyesha vibanio vya mbao na kitambaa chenye maji, na wewe ukaja nyumbani ukaiba vibanio vyake na leso yake. Siku zile kabla sijazaliwa alikuwa akienda nawe msituni. Mlipofika mlimani alikuwa akishuka na kikombe, anamwagia kitambaa maji, anapanda tena. Ulikuwa ukimwambia petroli yako ikipata moto inasahau njia. Aliposema hivyo alicheka, Baba. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uende.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Ameniona nikitambaa chini ya lori miezi yote hii, ameniona nikivutwa na trekta. Alichezea kibanio kimoja, anakifungua na kukifunga.

"Nikisikia hiyo injini, mkono yangu inaenda kwa sufuria," akasema. "Naweka maji ya chai. Halafu nakumbuka hakuna mtu anakuja."

Sikujua, Baba. Maisha yangu yote nimesikia ukipiga honi pale kwenye kona, na ukifungua geti chai inakuwa tayari mezani, na mimi nilidhani chai ndivyo ilivyo, kwamba inajipika. Kila nilipowasha lori hapa uani kujaribu hiki na kile, yeye alikuwa jikoni anajaza sufuria, kisha anamwaga maji. Mimi nilikuwa nalia chini ya lori, yeye analia huko jikoni, na hatukuambiana.

Nikamwambia basi, acha wakate. Nilisema kwa moyo wote. Akatikisa kichwa. Akaingia chumbani kwenu, kile chenye kitanda kipana, akatoka na leso, akaichana pembeni kwa meno, akanipa kipande. Akasema kuni bado hazijaletwa.

Jana nikaomba ruhusa kazini. Nilipanga vibanio kwenye paipu kimoja kimoja, nikafunga kitambaa kwenye pampu, nikajaza dumu la maji. Fundi Kirwa alitazama yote akiwa kwenye debe lake. Mama hakutaka kuja. Alisema yeye ana maandalizi ya wageni. Nikaenda na Fundi, na baada ya Plateau nikasimama kabla ya mlima, nikashuka na kikombe, nikamwaga maji. Mvuke ukapanda. Nikarudi ndani na kuanza kupanda kwa gia ya pili. Pale linapokohoa siku zote, nilitega sikio. Halikukohoa. Lilinguruma tu, polepole, kama wewe ukipanda ngazi za kanisa, likapita ile miti, likapita geti la kambi, likafika juu. Fundi Kirwa alivua kofia. Anasema kilichosaidia ni kitambaa, vibanio ni imani tu. Mimi sibishani naye, lakini vibanio sitoi.

Tulipakia kuni mpaka bodi ikajaa. Tulipokuwa tunarudi nikawaza habari ya chai. Nilitaka hata kuzima injini mbali, tusukume mpaka getini, ili Mama asisikie. Fundi akaniona napunguza mwendo, akaniuliza kama limeanza tena. Nikasema hapana. Nilipofika kwenye kona, sijui kwa nini, mkono wenyewe ukapiga honi. Mara mbili, kama wewe.

Geti lilikuwa wazi. Mama alikuwa mlangoni, amejifunga ile leso iliyochanika. Sufuria ilikuwa mezani, vikombe viwili, kimoja changu na kimoja cha Fundi, na chai ilikuwa moto. Hakulia. Alinimiminia, akaniambia, "Nawa mikono kwanza, unanuka petroli kama baba yako."

Kwa hiyo watu wa gesi tumewaambia wasije. Lori litalala nje ya uzio leo ili viti vipangwe, na Jumatatu ninaanza kubeba mahindi ya watu wa Moiben, maana duka peke yake halinitoshi na wewe unajua. Bado mgongo unauma. Bado kuna siku nafika nyumbani na kulala na viatu. Sikudanganyi kwamba nimepona.

Lala salama, Baba. Kesho watakuimbia, na mimi nitapika kwa kuni ulizozoea kuleta. Nakuahidi jambo moja tu, na hili sitashindwa. Kila nitakapokuwa narudi na lori, niwe nimechoka namna gani, nitapiga honi pale kwenye kona, ili Mama akiweka maji ya chai ajue kuna mtu anakuja.

Mwanao,
Achieng