Paipu Uliyoificha Nyuma ya Nyumba

Baba Cherono mpendwa,

Hilo "mpendwa" nimeliweka kwa sababu barua huanza hivyo. Usivimbe kichwa.

Unakumbuka Jumapili tuliyoizungusha ile paipu nyeusi ya kumwagilia shamba? Daktari alikuwa amesema mguu wa Cherono, uliolegea tangu azaliwe, utapata nguvu akiufanyia mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu. Ukachimba kibwawa uani kwetu hapa Rongai. Mimi nikakushikia paipu huku ukiifunga kwa waya, duara ndani ya duara, tukicheka mpaka kuku wakakimbia. Siku hiyo nilikupenda, na inaniuma kusema hivyo.

Ilitakiwa ikae juu ya mabati, jua liipige, pampu ndogo ipitishe maji humo na kuyarudisha bwawani yakiwa yamepata joto. Wewe ukaiweka chini nyuma ya nyumba, kivulini mwa mti wa mgravelia.

"Watu wa church wakiona paipu juu ya nyumba watauliza ni ya nini," ukasema. "Niwaambie nini? Ati mtoto wangu ni kilema?"

Mficha uchi hazai. Wewe ulizaa, kisha ukaficha. Maji yakabaki baridi, Cherono akaingia, mguu ukakakamaa, akalia. Ukasema anajifanya. Mwezi huohuo ukahamia kwa yule mwanamke wako wa Mau Narok. Nasikia huko asubuhi vidole hufa ganzi kwa baridi. Nimefurahi sana.

Ulipoondoka nilipanda ngazi mwenyewe, nikaitandaza paipu juu ya mabati ya mbele, upande wa barabara. Watu wa church waliuliza, nikawaambia. Sasa wanaleta watoto wao waogelee naye. Jioni nalifunika bwawa kwa nailoni, na asubuhi maji huwa bado yana joto.

Na sasa umenitumia ujumbe: "Nimeskia anatembea. Nikuje Saturday nimuone?"

Njoo. Paipu utaiona ukiwa bado barabarani. Geti utalikuta limefungwa, na sitalifungua. Cherono mwenyewe ndiye atakayekuja kukwambia urudi ulikotoka, nilimuuliza, akakubali. Atatembea kutoka bwawani hadi getini bila kushikwa mkono na mtu. Simama hapo umtazame vizuri, kisha uende.

Kwaheri, na baridi njema,

Mama Cherono