Ukili Wako Umefika Kiunga

Mama,

Amani iwe nawe hapo ulipolala, nyuma ya msikiti wetu wa Kipungani. Nimerudi jana kutoka Kiunga. Naam, Kiunga kwenu, mji uliotusimulia mpaka tukaukinai. Ulisema ni mji mkubwa! Mama, nimeuona: barabara ya mchanga, maduka ya unga na biskuti, mbuzi wamelala mlangoni. Simu ikalia kunikaribisha nchi jirani, maana na mpaka ni pua na mdomo. Nilicheka, nikatafuta wa kumtania, nikakumbuka kuwa niliyemtaka ni wewe.

Nilikwenda kumpa pole dada yako, Mama Zuhura. Maziko yako hakuyawahi. Sisi maiti hatumkawizi, na boti ya kutoka Kiunga isingefika kabla hujazikwa. Alilia kwenye simu, nami nikalia huku, basi.

Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nikauchukua ule ukili wako wa miyaa, ule msuko wa mkeka uliouviringa ukauweka juu ya kabati. Miaka yote nilidhani unausuka kupitisha wakati tu. Mara ngapi nimekuona ukiufumua na kuuanza upya kwa sababu ya mwaa mmoja uliopinda! Nikikwambia hali imetulia, twende Kiunga ukamwone dada yako, unanijibu, "Ngoja nimalize ukili. Kawia ufike." Kisha njia ikafungwa kwa ajili ya usalama. Ilipofunguliwa, magoti yako yakawa hayataki tena kupanda boti.

Gatini, askari mmoja kijana wa bara aliukunjua wote. "Sasa madam, hii yote ni ya nini?" Nikamwambia ni zawadi ya mama mkubwa. Ndivyo nilivyojua.

Mama Zuhura alinipokea kwa "Ndia imekutesa, mwanangu," akanitilia chai. Alipouona ukili aliingia ndani, akatoka na wake. Rangi zile zile, Mama. Nyekundu na nyeusi, nyekundu na nyeusi.

Akaniuliza, "Mulimlaza yuu ya mkeka upi?"

Nikamwambia ukweli. Wa plastiki, tuliununua dukani asubuhi ile, maana ya nyumbani ilikuwa imechakaa. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Ndipo akanieleza. Kabla hujaolewa Kipungani mlikula kiapo: kila mmoja asuke nusu ya mkeka, siku mkikutana mketi pamoja mzishone, na atakayetangulia alazwe juu ya mkeka huo. Watoto msiwaambie, wasije wakaingia hofu. Yeye wake aliumaliza zamani. Kila mkipigiana simu alikuwa akikuuliza umefika wapi, nawe unamwambia bado kidogo.

Bado kidogo, Mama! Nani alikudai ukili usio na kasoro? Dada yako angeupokea hata ungekuwa umepinda kama mkia wa paka. Nimekasirika nawe, na nimekasirika nafsi yangu, maana ukili ulikuwa juu ya kabati letu, na siku ile nilipita chini yake nikienda kununua plastiki. Neno moja tu ungeniambia. Ningekubeba mgongoni mpaka botini.

Tulikaa barazani tukaushona mkeka. Mimi nilishika, yeye akashona. Ukili wako ni mpana kuliko wake, basi mshono ukawa unakwenda upogo, naye akawa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mamako alikuwa mkaidi tangu mtoto," akasema. "Nti hini yote haina mkaidi kama yeye." Ulipoisha akaupapasa upande wako kwa kiganja, kama anayekunja nguo ya mtu aliyesafiri.

Kisha akasema, "Umebaki kuwa wangu. Nami nataka wewe ndiye uutandike."

Nikaitikia, Mama. Nimewaachia majirani zake namba yangu. Nimewaambia asipojisikia vizuri wanipigie siku hiyo hiyo, hata kama ni homa tu. Sitangoja hali itulie, wala sitamaliza kwanza kazi niliyoishika. Na Mungu akimchukua, nitautandika mwenyewe, upande wako uwe kichwani, ili dada yako akilazwa awe ameuegemea mkono wako.

Lala, Mama. Ulisema kawia ufike. Ulichosuka kimefika. Ni wewe tu hukufika, na mimi kwa dada yako sitakawia.

Mwanao,
Rukia