Silaha Ambazo Hazijaonekana Duniani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepata kazi! Claude, Mkongomani mwenzetu anayetengeneza gemu za kompyuta Mbarara, amezipenda picha zangu. Gemu yake ni ya kupigana na viumbe wa sayari nyingine. Mimi nibuni silaha zao, mchezaji akiziokota azitumie. Hataki chochote kinachofanana na bunduki. Anataka kitu ambacho mtu hajawahi kukiogopa.

Baba nimemwambia nachora katuni. Sijui kwa nini. Najua.

Jumatano, 5 Machi
Nyumbani, Base Camp, kambini kwetu wakimbizi, siku nzima na penseli. Ya kwanza: mtungi unaomeza sauti — anayepigwa anapiga kelele, wenzake hawasikii. Ya pili inatema mbegu, zinaota ndani ya viatu, mizizi inamshika palepale. Ya tatu inamyeyusha mtu kama samli. Hiyo siipendi, lakini ndiyo niliyoichora vizuri kuliko zote.

Alhamisi, 6 Machi
Baba ameziona. Nilikwenda kuchota maji, upepo ukazimwaga sakafuni, akaziokota. Baba yangu Appolinaire ni seremala. Nyumbani kwake neno bunduki halitamkwi tangu tulipokimbia kutoka Fizi, kule Kongo, mimi nikiwa na miaka minne.

"Hii ikipiga mutu, inamufanya nini?"

Inamyeyusha, nikasema.

"Na ye anasikia maumivu?"

Nikasema, baba, ni gemu tu. Akarudi kwenye randa yake.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi baba kaja na penseli yake sikioni. Mpini wa mtungi nimeuweka vibaya, utamwelemea anayeubeba. Akaurekebisha. Nikadhani ataondoka. Akakaa.

"Gisèle, kitu kizito kuliko vyote ni mutoto mwenye kulala. Nilikubeba kutoka Fizi mupaka ku ziwa. Ukiwa macho, ulikuwa mwepesi. Ukalala, mikono ikaniisha nguvu. Nilikaa chini mara mingi. Sikukuamusha."

Miaka ishirini na sikuwahi kulijua hili.

Nikamuuliza: je, silaha ikimlaza adui, awe mzito hivyo, wenzake wajaribu kumwinua washindwe?

Alifikiri sana. "Washindwe," akasema. "Lakini wasimuache."

Tumechora pamoja mpaka saa sita. Yeye mpini, mimi mengine yote.

Jumatatu, 10 Machi
Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, studio kwa Claude. Claude ameifurahia. Ila anataka ule uzito umponde adui, mifupa isikike ikivunjika — wachezaji wanapenda kusikia kitu, anasema. Nimjibu Jumatano, la sivyo atamtafuta mchoraji mwingine. Sikusema hapana. Nimejikasirikia njia nzima ya kurudi.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia baba. Kazi ni yako, amesema. Kisha, akiwa anapiga pasi shati lake la kanisani: "Kesho nitakusindikiza."

Jumatano, 12 Machi
Naandika hapahapa studio, nyuma ya karatasi. Claude yuko nje na simu yake. Benitha, Mnyankole wa hapahapa Mbarara anayemwandikia Claude programu, amemkalisha baba mbele ya kompyuta aijaribu silaha yetu. Sauti ya mifupa bado haijawekwa.

Viumbe wanne wametokea. Baba kawapiga mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, polepole. Wote wamelala. Wameziba njia.

Benitha anamwambia, "Mzee, pita juu yao tu. Hakuna shida."

Baba hapiti juu yao. Anambana ukutani yule askari wake wa kwenye gemu, anampitisha kando ya waliolala, hatua kwa hatua. "Muache kelele," anatuambia. Benitha amepunguza sauti ya spika. Hata mimi nimepunguza kukwaruza na kalamu.

Mlango umefunguka. Claude amesimama nyuma ya kiti cha baba, simu bado sikioni. Haongei tena na aliyempigia. Anaangalia tu.

Baba amebakiza kumzunguka kiumbe mmoja.

Nasimama nimwambie Claude hapana.