Mwisho Niliokutungia

Ifakara, 14/8/1996

Kaka Masalu,

Shikamoo. Kabla ya salamu nyingine, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ule mwisho wa video ya Jeki mchunga ng'ombe, niliokuandikia ulipouliza, niliutunga mwenyewe. Ulipotoka ukumbini kuwahi lori, jenereta ilizimika, sote tukaondoka. Sijui kama Jeki alioa, wala kama alifika kwao. Nisamehe.

Mimi ni mzima, shangazi Nelly pia. Baba na mifugo hawajambo? Kofia yako unayoiulizia sikuiona.

Mdogo wako,
Sikitu


Mofu, 24/8/1996

Mdogo wangu Sikitu,

Marahaba. Sisi wazima, ila baba anakohoa kwa vumbi hili.

Barua yako nimeisoma mara tatu na inanitia mashaka. Egidius wa samaki, huyu anayetubebea barua, alikuwa ukumbini siku ile. Kuhusu Jeki hana la maana, alisinzia. Lakini anasema jenereta ilimpigia kelele masikioni mpaka watu wote walipotoka. Sasa iliyozimika ni ipi?

Na kofia niliiacha kwenye kiti changu, hatua tatu mbele yako. Tena mbona uliniambia nikae mbele, wewe ukabaki nyuma na wenzako?

Niliishia darasa la saba nichunge, ili wewe usome. Kama kuna mvulana, sema. Kama shule umeacha, sema. Nikiona uongo mwingine nakuja kukuchukua.

Kaka yako,
Masalu


Ifakara, 9/9/1996

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Mvulana hakuna, na shule naenda.

Ulipotoka, Verediana, ninayekaa naye dawati moja, alisema, "He! Kauboi wa Mofu huyo anaondoka na fimbo yake! Sikitu, si ndugu yako yule?"

Nikasema, "Simjui."

Wakacheka, nami nikacheka. Halafu wakageuka kumpigia makofi Jeki, mwenye kofia kama yako, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanakanyaga mahindi ya watu. Nilishindwa kukaa. Nikachukua kofia yako, nikatoka. Ilikuwa chini ya kitanda changu mpaka jana.

Jana, baada ya misa ya pili, waliirudia ile video. Niliivaa kofia yako nikakaa mbele.

"Umeiokota wapi hiyo?" Verediana akauliza.

"Ya kaka yangu Masalu. Yule wa siku ile. Nilikudanganya."

Akasema, "Basi ivue, inatuziba."

Nikaivua, nikaipakata hadi mwisho. Na mwisho wenyewe ni huu: Jeki anamvua farasi tandiko, anamwachia aende, kisha anatembea kwa miguu nyuma ya ng'ombe mpaka moshi wa kwao unaonekana. Hapo inaisha. Haionyeshi kama walimfungulia mlango.

Kofia nimeifunga kwa gazeti mara mbili, isishike harufu ya samaki. Namkabidhi Egidius asubuhi hii pamoja na barua, kisha naingia darasani.

Mdogo wako,
Sikitu