Taa za Nyumba ya Upendo

Jumapili. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika ghafla, na sasa Magomeni nzima inafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Nimerudi kutoka Ilala, nimevua viatu, nimekaa kwenye kitanda cha Mama. Bado nakiita kitanda cha Mama, ingawa amehama tangu Jumanne.

Niseme mapema nisije nikajidanganya nikifika katikati: nina wivu. Sio ule wa kutaniana. Ni ule wa kumtazama ndugu yako wa tumbo moja akicheka, ukatamani acheke kidogo tu, halafu anyamaze.

Upendo ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili. Yeye alisoma, akapata kazi ya ofisini kule Posta, akaolewa na mwanaume mpole, na mwaka huu wamenunua nyumba ya zamani Ilala wakaikarabati hadi haitambuliki. Mimi nina fremu Kariakoo, nauza mashuka na mapazia, na nimepanga vyumba viwili hapa Magomeni. Hayo yote niliyameza. Hiyo nyumba niliiombea mwenyewe kanisani, kwa sauti, watu wakasikia.

Nilichoshindwa kumeza ni Mama.

Baba alipofariki, Mama alishuka kutoka Kilimanjaro kuja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Jicho moja lilitolewa mtoto wa jicho, la pili linasubiri. Matibabu ya lile la kwanza yakaisha, yeye akabaki. Tukazoeana upya, maana mtu na mama yake wakiwa watu wazima inabidi wazoeane upya. Nikajifunza anavyoona. Taa nyeupe ya darini ilikuwa inamchoma, akawa anakaa na kitenge amekivuta hadi kwenye paji la uso kama mtu aliye juani. Nikaweka balbu ya njano, kitenge kikashuka mabegani. Nikagundua taa ikiwa nyuma ya bega lake anasoma Biblia bila msaada, ikiwa mbele yake anaifunga na kusema amechoka. Hakuna aliyenifundisha. Niliyajua kwa kuishi naye, na nilijivunia kuyajua. Nilijivunia zaidi kwamba Upendo hayajui.

Kisha Upendo akanipigia simu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nyumba ikikamilika Mama atahamia kwake. Kuna chumba chenye choo ndani, kuna nafasi, kuna kivuli nyuma ya nyumba. Nikasema ni vizuri. Nikasema Mungu awabariki. Nikakata simu nikaenda kufua shuka ambalo lilikuwa safi.

Jumamosi ya wiki iliyopita alinipitia dukani. Nyumba ilibakiza taa tu, na alitaka twende tukachague pamoja.

"Dada, wewe una jicho la vitu vya nyumba," alisema. "Mimi nitanunua kwa picha za kwenye simu tu."

Nilifunga fremu tukavuka kwenda mtaa wa pili, kwa Ami Nassoro. Ni Mwarabu mtu mzima, mpole, mke wake ni mteja wangu wa mapazia. Duka lake linawaka lote mchana kutwa, taa zimening'inia hadi inabidi uinamishe kichwa, na humo ndani ni joto kuliko barabarani. Tulimwamkia shikamoo, akaitika, akatuvutia viti vya plastiki. Hakuanza kutuonyesha bidhaa. Alianza kuuliza. Sebuleni mnakaa kufanya nini? Nani anapika, na anakatia mboga upande gani wa dirisha? Shemeji anarudi kazini saa ngapi?

Upendo alijibu kila kitu kwa furaha, mikono ikiruka. Wakapanga. Sebuleni taa kubwa ya kristali katikati kwa ajili ya wageni, na taa ndogo za kuzama kwenye dari ya jipsam, zenye swichi yake peke yake, kwa siku ambazo hakuna wageni. Jikoni mwanga mweupe, na mwingine mrefu chini ya kabati, ili kivuli cha mpishi kisiangukie kisu. Chumbani kwao njano, swichi kila upande wa kitanda, asiamshwe mtu kwa ajili ya taa. Kibarazani ile inayojiwasha mtu akipita na kujizima akitulia.

Nilikuwa nasikiliza na kutabasamu. Kila chumba walichokitaja nilikiona, na ndani ya kila chumba nilimwona Mama. Mama kwenye kochi la Upendo. Mama mezani kwa Upendo, akimsifia chai.

"Na chumba cha mama yenu?" Ami Nassoro aliuliza. "Macho yake yakoje?"

Upendo akanigeukia. "Hilo anajua Dada. Dada, Mama anapenda taa ya namna gani?"

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

"Mama anapenda mwanga mwingi," nikasema. "Nyeupe, kali. Iwekwe katikati ya dari, juu ya kitanda. Na korido yote hivyohivyo, asije akajikwaa."

Ami Nassoro alinitazama kidogo. "Una hakika, mwanangu? Watu wazima wengi mwanga mkali huwasumbua."

"Mama yangu namjua, Ami."

Katika yote niliyoyasema pale dukani, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Sikutaka aumie. Nataka liandikwe hilo, hata kama halinisaidii. Nilitaka akae wiki moja, mbili, achoke, aniambie, Aika, nirudishe kwako. Nilishaipanga hadi sauti yake ya kuniambia. Nilishapanga nitakavyomjibu Upendo kwa upole, kwamba si kosa lako, mdogo wangu, ni mazoea tu.

Jumanne wakaja kumchukua. Alhamisi nilifunga duka jua likiwa linazama, nikaenda Ilala na mashuka mapya mkononi ili nisionekane nimeenda kuchungulia.

Nyumba ilikuwa inapendeza. Inaniuma kuandika lakini ilikuwa inapendeza. Sebule imetulia, jikoni unaweza kuokota sindano. Shemeji yangu alikuwa anawasha na kuzima swichi kama mtu aliyevaa saa mpya. Nikauliza Mama yuko wapi.

Alikuwa anatoka chumbani kwake kuja kutusalimia. Amefika mlangoni, amesimama. Korido ya Upendo ina vigae vyeupe vinavyong'aa, na zile taa nilizozichagua zilikuwa zinapiga juu yake hadi sakafu inametameta mwanzo hadi mwisho. Mama aliinua gauni lake kidogo, kama mtu aliyefika kwenye kijito.

"Upendo," akaita. "Mbona mmemwaga maji?"

"Hakuna maji, Mama. Pakavu, njoo tu."

Hakuja. Alinyoosha mguu akaugusisha chini kwa ncha ya kidole, akaurudisha. Akashika fremu ya mlango. Upendo alikwenda kumshika mkono, akamvusha korido yake mwenyewe hatua kwa hatua, Mama ameinamisha kichwa na kufumba jicho moja. Shemeji aliacha kucheza na swichi.

Na mimi nilifurahi. Naandika vilevile ilivyokuwa. Kwa kitambo kifupi, kifuani mwangu kulikuwa na sherehe.

Wakamkalisha karibu yangu. Upendo akaingia jikoni kuficha uso. Mama alinipapasa goti akijua ni mimi, akasema polepole ili mwenye nyumba asisikie:

"Aika, macho yangu yamekwisha. Kwako nilikuwa naona. Nimefika hapa, siku mbili tu, sioni kitu. Usimwambie mdogo wako, atadhani ni nyumba yake. Ni mimi. Nadhani hili jicho lililotengenezwa nalo limekufa."

Alikuwa halii. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekwisha kubali.

Siku mbili alikuwa amekaa kwenye kile chumba cheupe akiamini anapofuka. Alikaa na woga huo peke yake, kwa sababu yangu, na bado anatafuta namna ya kumkinga Upendo asijisikie vibaya. Hata kwa kumkinga Upendo niliona wivu. Ndivyo nilivyooza.

"Si macho, Mama," nikamwambia. "Ni taa. Zimewekwa vibaya. Zitabadilishwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nikamwita Upendo nje, kibarazani. Taa ikajiwasha tulipopita.

"Upe, zile taa za Mama. Nilijua zitamwumiza. Niliyasema yale makusudi."

Alinitazama kama ninaongea lugha nyingine. "Ulitaka aanguke?"

"Nilitaka arudi."

Tukasimama. Hatukujongea, wala yeye wala mimi, hadi taa ikajizima. Nilimshukuru Mungu kwa lile giza. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, kama ya zamani tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.

"Dada, mimi sikumchukua Mama. Aliniomba mwenyewe. Alinipigia wewe ukiwa dukani, akaniuliza chumba kitakuwa tayari lini. Akasema nisikwambie kwamba ni yeye, nikwambie ni mimi."

Akaingia ndani. Taa ikawaka kwa ajili yake, mimi nikabaki nje.

Sikujua kwamba wivu unaweza kukosa pa kukaa. Wiki zote hizi ulikuwa na anwani yake, Ilala, kwa Upendo. Sasa uwe wa nani? Nimuonee wivu Mama kwa kuchagua?

Ijumaa nilikwenda kwa Ami Nassoro kabla hata sijafungua kwangu. Nilimwambia taa za chumba cha mama na za korido hazifai, nilikosea. Hakuniuliza nilikoseaje. Aliniuliza tena swali lilelile, macho yake yakoje, na safari hii nilimjibu yote, kuanzia kitenge cha kwenye paji hadi Biblia na bega. Alisikiliza hadi mwisho. Tukachagua taa za njano za ukutani, zenye vioo vya rangi ya maziwa, zisizoonyesha balbu, za kufungwa pande mbili za korido ili zisipige sakafu. Chumbani moja nyuma ya kiti chake, moja karibu na kitanda ambayo mkono unaifikia, na darini isiwepo kitu. Chooni, pembeni mwa kioo. Nikatoa zulia dukani kwangu, la kahawia, lisilong'aa, la kutandika korido nzima.

Jana fundi umeme alishinda pale akitoboa kuta zilizopakwa rangi juzi. Nilisimama chini ya ngazi nikimpa vitu. Upendo alikuwepo, hakunisemesha ila "shika hapa" na "sogeza". Siwezi kumlaumu. Hajamwambia Mama nilichofanya. Sijui kama ni huruma, au ananitunzia kwa siku nyingine.

Leo baada ya ibada tumekula kwake. Upendo amenipakulia nyama kwanza kabla ya mumewe, kama inavyompasa mdogo, ila hakuniangalia usoni. Wingu lilikuwa zito, ndani kumekuwa giza mchana, tukawasha taa zote.

Mama ametoka chumbani kwake. Nilikuwa nimesimama katikati ya korido nikijifanya naangalia kama zulia limekaa sawa. Ametazama chini, akatazama huku mbele, akaanza kutembea. Hakushika ukuta. Hakuita mtu. Uso wake ulikuwa umefunguka, kitenge kiko kiunoni. Alikuwa anakuja moja kwa moja upande wangu, na mimi, mtu mzima, nikapanua mikono kidogo kumpokea.

"Pisha, Aika," akasema. "Nataka kuchemsha chai."

Kwangu hakuwahi kuchemsha chai. Nilikuwa namzuia. Jiko la gesi, macho yale, nilikuwa namwambia kaa, Mama, nitafanya mimi. Kila kitu nilikuwa nafanya mimi.

Nikapisha.

Nimemsikia jikoni akifungua makabati na kuuliza sukari iko wapi, na Upendo akimwelekeza kutoka sebuleni bila kuinuka. Mimi ningeinuka. Nilisimama pale koridoni kwenye mwanga niliouchagua mwenyewe, mwanga mzuri, na niliuchukia. Chai ilipokuja ilikuwa na tangawizi nyingi kupita kiasi. Nimekunywa vikombe viwili.

Sasa niko hapa. Wivu haujaisha, sitaki kudanganya. Umepungua makali tu, au labda nimechoka. Swali ninalo na mwenye jibu yuko Ilala, ana simu, na huwa anapokea.

Asubuhi nikishafungua duka nitampigia. Nikipata moyo nitamwuliza kwa nini alitaka kuondoka kwangu, na nitamwacha amalize kusema. Nikiukosa, nitamwuliza ameamkaje.